Namba na Herufi: Mwanamke Mwenye Matiti Makubwa na Sidiria Inayomfaa

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuangazia suala linalowagusa wasomaji wengi wa jarida hili tangu wanapoamka hadi wanapolala, ilhali ni nadra kulikuta likijadiliwa kwa Kiswahili cha heshima. Suala lenyewe ni sidiria. Hususan sidiria ya mwanamke aliyejaliwa matiti makubwa. Nilipoipendekeza mada hii katika kikao cha chama chetu, kicheko kilikuwa kirefu, na mwenzetu mmoja akataka kujua iwapo hiyo ni mada ya isimu au ya fasihi. Nilimjibu kwamba inazihusu zote mbili, ingawa kwanza kabisa ni mada ya mgongo na mabega.

Sikuizua mada hii kwa dhihaka. Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni niliishi chumba kimoja na msichana aliyekuwa mchezaji stadi wa netiboli alipokuwa shule ya upili. Hapa chuoni hakukanyaga uwanjani hata siku moja. Alipokwenda darasani alikumbatia faili kifuani kama mama aliyempakata mtoto mchanga, na alipoketi katika ukumbi wa mihadhara aliyakunja mabega yake mbele. Usiku alipovua nguo ndipo nilipoujua ukweli. Mabegani mwake mlikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na kamba za sidiria, na chini ya matiti ngozi ilikuwa imechubuka kwa jasho na msuguano. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba maumivu hayo ni sehemu ya maumbile yake, na kwamba hapakuwa na la kufanya ila kuvumilia. Maumbile yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika kipimo kilichoandikwa kwenye sidiria yake.

Hoja ninayoitetea ni kwamba wanawake wengi wenye matiti makubwa huteseka kwa sababu wao, pamoja na wale wanaowauzia, huisoma namba ya sidiria na kuipuuza herufi. Na hata wanaoisoma herufi, aghalabu hawaelewi inachosema.

Tatizo la msamiati

Kamusi zetu zinatupa majina mawili ya vazi hili: sidiria na kanchiri. Neno sidiria lina asili ya Kiarabu na linatokana na neno la lugha hiyo lenye maana ya kifua. Kanchiri halisikiki sana siku hizi, hasa miongoni mwa vijana wa Nairobi, ambao huliita vazi hilo kwa jina lake la Kiingereza. Jina basi tunalo. Tusichokuwa nacho ni majina yaliyozoeleka ya sehemu za vazi lenyewe, na pasipo majina ni vigumu kuuliza, kulalamika au kurudisha bidhaa dukani. Msichana huingia dukani akasema tu, "Nataka kubwa zaidi," na neno hilo "kubwa", kama tutakavyoona, ndilo chanzo cha balaa lote.

Fauka ya hayo, adabu imetufunga vinywa. Badala ya matiti tunasema kifua, na si vibaya, kwani tafsida ni pambo la lugha yetu. Hata hivyo, fundi anayeambiwa "kifua kinanibana" hawezi kujua kama kinachobana ni mbavuni, kwapani au begani. Washairi wetu wa tangu na tangu wameyasifu matiti kwa umbo lake, lakini sijakutana na shairi linaloyataja kama uzito ambao mtu hupanda nao ngazi hadi ghorofa ya nne. Siwalaumu, wengi wao walikuwa wanaume.

Kwa minajili ya makala haya, nitatumia istilahi chache ambazo nimeona mafundi wa cherehani wakizielewa pasi na maelezo marefu. Mkanda ni ile sehemu inayozunguka mbavu chini ya matiti na kufungwa mgongoni kwa vikulabu. Vikombe ni sehemu mbili zinazoyapokea matiti. Kamba ni zile mbili zinazopita mabegani. Waya ni chuma chembamba kilichopindwa kama mwezi mwandamo, kinachopita chini ya kila kikombe. Kipande cha katikati ni kile kinachoviunganisha vikombe viwili juu ya mfupa wa kidari. Aliye na istilahi bora kuliko hizi na amwandikie mhariri.

Mzigo na mbebaji wake

Titi halina msuli ndani yake. Limeumbwa kwa mafuta, tezi za maziwa na nyuzi za tishu zinazoliunganisha na ngozi pamoja na msuli mkubwa wa kifua ulio nyuma yake. Nyuzi hizo zilielezwa na daktari mpasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1840 kuhusu maumbile ya titi, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Maadamu hakuna msuli ndani ya titi, hakuna mazoezi yatakayolifanya lijiinue lenyewe. Mazoezi huimarisha tu msuli ulio nyuma yake. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa, kila titi laweza kuwa na uzito wa kilo moja au hata zaidi. Uzito huo hukivuta kifua mbele, na misuli ya shingo na ya mgongo wa juu hushinda kutwa nzima ikijaribu kukirudisha.

Ni nani basi anayepaswa kuubeba mzigo huu? Wengi watajibu kwamba ni kamba za mabegani. La hasha! Mbebaji ni mkanda. Mama zetu wanapotaka kufanya kazi ya nguvu hujifunga leso kuzunguka kifua, chini ya makwapa, wakaikaza. Hawaining'inizi leso mabegani. Sidiria nayo imejengwa kwa mantiki iyo hiyo. Titi hukaa kikombeni, kikombe huegemea waya, waya huupeleka uzito kwenye mkanda, na mkanda uliokaza vyema huugawa uzito huo kuzunguka mbavu zote. Kazi ya kamba ni ndogo: kuushikilia ukingo wa juu wa kikombe usiachane na mwili.

Sasa tuangalie kinachotokea mkanda ukiwa mpana kupita kiasi. Uzito wa mbele huuvuta mkanda chini, na nyuma mkanda hupanda mgongoni hadi karibu na mabawa ya mabega. Mwanamke akiona matiti yameshuka hufupisha kamba. Kamba zilizofupishwa huzidi kuuvuta mkanda juu kwa nyuma, na mbele matiti hushuka tena. Hufupisha tena. Mwishowe mzigo wote huning'inia kwenye nyuzi mbili nyembamba zinazokata mabega, shingo huuma, kichwa huuma, na jioni mtu huivua sidiria akihema huku akisema, "Imenibana!" Kumbe imemlegea. Hiki ndicho kinaya kikubwa cha suala zima, na ndicho kinachowafanya wengi waende sokoni kutafuta namba iliyo kubwa zaidi ya ile iliyowaumiza.

Lipo jaribio jepesi ambalo kila msomaji mhusika anaweza kulifanya usiku huu. Vaa sidiria yako kama kawaida, kisha ziteremshe kamba zote mbili kutoka mabegani. Vikombe vikibaki mahali pake, mkanda unafanya kazi yake. Vikiporomoka, umekuwa ukibeba kwa mabega.

Herufi inasema nini?

Mnamo Novemba 1914 mwanamke Mmarekani aliyeitwa Mary Phelps Jacob, ambaye baadaye alijulikana kama Caresse Crosby, alipewa hataza ya sidiria isiyo na mgongo. Inasemekana ya kwanza aliishona kwa leso mbili za mkononi na utepe, na haki za ubunifu wake aliziuza kwa dola 1,500 kwa kampuni ya Warner iliyokuwa ikitengeneza kosheti. Ubunifu wake haukuwafaa sana wenye matiti mazito, na kwa miaka mingi vazi hili liliuzwa bila kipimo cha kikombe. Herufi zilikuja mwaka wa 1932, pale kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilipoanza kuyagawa matiti katika makundi manne, A hadi D. D ilikuwa ndiyo mwisho wa orodha. Nadhani hapo ndipo tulipoirithi imani kwamba D ni kilele cha ukubwa, na kwamba baada ya D kuna jambo la kushangaza au la kuonea aibu. Leo watengenezaji wa Uingereza wamevuka J.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba herufi si ukubwa. Herufi ni tofauti. Ni tofauti kati ya mzunguko wa kifua palipo na matiti na mzunguko wa mbavu chini ya matiti. Katika mfumo wa Uingereza, ambao ndio wenye herufi nyingi zaidi kwa matiti makubwa, tofauti ya inchi 1 ni A, inchi 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, 6 ni E, 7 ni F, 8 ni FF, 9 ni G, 10 ni GG na 11 ni H. Herufi peke yake basi haina maana, kama vile kiambishi hakina maana kamili hadi kiambatane na mzizi. Aliye na 30F na aliye na 40F wana herufi moja, ila vikombe vyao havikaribiani kwa ukubwa.

Turejee kwa mwenzangu wa chumbani. Tulimpima kwa futi ya fundi. Chini ya matiti alikuwa na inchi 33, na juu ya matiti inchi 41. Mkanda wa sidiria huuzwa kwa namba shufwa, hivyo inchi 33 ilimpeleka kwenye 34. Ukitoa 34 katika 41 unapata 7; yaani F. Kipimo chake kilikuwa 34F. Je, alikuwa amevaa nini miaka yote hiyo? 38C. Naye hakuipata namba hiyo kwa kubahatisha. Alikuwa amepimwa na kuambiwa hivyo na muuzaji wa duka moja mjini, kwa kutumia kanuni kongwe ambayo ingali ikinakiliwa katika vijikaratasi vingi vya maduka. Kanuni hiyo humtaka mpimaji aongeze inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha mbavu kabla ya kufanya lolote. Basi 33 ikawa 38, na 38 ikitolewa katika 41 hubaki 3, ambayo ni C. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na jibu lilikuwa la uongo.

Madhara ya kanuni hiyo huwaangukia zaidi wenye matiti makubwa. Kuongezwa kwa mkanda hupunguza herufi, na mwanamke huondoka dukani na mkanda usiomshika pamoja na kikombe kisichomtosha. Ili kuliona hili vyema, yafaa tuelewe kile ninachokiita vipimo ndugu. Kikombe cha 34F kina ujazo sawa na cha 36E, cha 38DD na cha 40D. Kila mkanda unapopanda hatua moja, herufi hushuka hatua moja, na ujazo wa kikombe hubaki ule ule. Kwa hivyo mwenzangu alihitaji, kwa ujazo, kikombe cha 38DD, naye alikuwa amepewa 38C, vikombe viwili pungufu. Matiti yalimwagika juu ya ukingo na kando ya makwapa, yakaonekana manne chini ya blauzi. Akatafuta kubwa zaidi. Akauziwa 40D, ambayo vikombe vyake hatimaye vilimtosha lakini mkanda wake ulikuwa mpana kuliko mbavu zake kwa inchi 7. Akawa na mahali pa kuyaweka matiti bila cha kuyabeba.

Ninakiri kwamba nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza nilikasirika.

Jinsi ya kujipima

Upimaji wenyewe hauhitaji mtaalamu. Yatosha kuwa na futi ya fundi, kioo na, ikiwezekana, rafiki anayeaminika. Pima kwanza mzunguko wa mbavu chini kabisa ya matiti, baada ya kutoa pumzi, futi ikiwa imenyooka mgongoni na kukaza bila kuumiza. Kisha pima kifua palipotokeza zaidi, bila kukaza. Hapa wenye matiti makubwa wanahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa matiti mazito yaliyolala hutoa kipimo kidogo kuliko hali halisi mtu akiwa amesimama. Aidha pima ukiwa umeinama mbele hadi mgongo ulingane na sakafu, kisha uchukue wastani wa vipimo viwili. Ikiwa titi moja ni kubwa kuliko lingine, na ni jambo la kawaida sana, zingatia lililo kubwa.

Kipimo hiki si cha kudumu. Hubadilika kwa hedhi, ujauzito, kunyonyesha, kunenepa na kukonda. Isitoshe, hesabu hutupa mahali pa kuanzia tu. Mwamuzi wa mwisho ni mwili wenyewe ndani ya vazi.

Kusoma lebo sokoni

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya hupata sidiria kutoka sehemu mbili kuu: maduka ya nguo mpya, ambayo mengi hukoma kwenye D au DD, na mitumba ya masoko kama Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa. Kinyume na wanavyodhani wanaoidharau mitumba, mwenye matiti makubwa aghalabu huwa na bahati zaidi huko, kwani marobota hutoka katika nchi ambako herufi kubwa hushonwa kwa wingi. Tatizo ni kwamba marobota hayo huchanganya mifumo ya mataifa mbalimbali, na muuzaji huyapanga kwa namba tu.

Sidiria ya Uingereza au Marekani iliyoandikwa 34 huwa na mkanda sawa na ile ya Ujerumani iliyoandikwa 75, ya Ufaransa au Uhispania iliyoandikwa 90, na ya Australia iliyoandikwa 12. Kwa hiyo ukiona 90 usiiogope ukadhani ni ya jitu. Herufi nazo hutofautiana baada ya D. Waingereza hurudufisha baadhi ya herufi. Wamarekani huandika D, DD, DDD, halafu G. Nchi nyingi za Ulaya bara hazirudufishi, huenda moja kwa moja D, E, F, G. Matokeo yake ni kwamba 34F ya Uingereza hukaribiana na 34G ya Marekani na 75G ya Ujerumani. Nasema hukaribiana kwa sababu kila kiwanda kina mkono wake.

Siku tuliyokwenda Gikomba, mama muuzaji alimtazama mwenzangu mara moja akatoa hukumu. "Mwanangu, wewe ni foti. Kifua kama hicho hakiingii thati-foo."

"Mama, naomba uniachie nitafute mwenyewe," mwenzangu akamjibu kwa upole. "Nataka thati-foo, ila yenye herufi kubwa."

"Herufi? Hizo ni za wazungu. Hapa tunauza namba."

Tulichakura kwa muda wa saa nzima. Tulipata moja ya Kiingereza yenye 34F na nyingine ya 75G, ambayo mama huyo alikuwa ameitupa upande wa nguo za watoto kwa kuwa hakujua 75 ni nini. Mwenzangu aliijaribu juu ya fulana nyepesi, nyuma ya pazia la kanga. Mama alipomwona amesimama wima, alinyamaza kidogo, kisha akatuomba tumwandikie orodha ya zile namba kwenye kipande cha katoni. Tulimwandikia.

Kabla ya kulipa, ichunguze sidiria ya mtumba kwa macho makali. Uvute mkanda uone kama unarudi. Mpira uliochoka haurudi tena na hakuna dawa yake. Papasa waya kutoka mwisho hadi mwisho, kwani ulioanza kutoboa kitambaa utakutoboa na wewe. Nyumbani ioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuivaa mara ya kwanza, hata kama maji hayo yatapunguza uhai wa mpira kidogo. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango limepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na mwenye uwezo wa kununua mpya na anunue mpya.

Dalili za sidiria iliyokaa

Vaa ukiwa umeinama, kisha ingiza mkono katika kila kikombe na kulivuta titi lote ndani, pamoja na nyama iliyojificha kwapani. Wengi hawafanyi hivi, na ndiyo sababu hudhani kikombe kinawatosha. Sasa simama mbele ya kioo. Mkanda unapaswa kulala sambamba na sakafu, mbele na nyuma, na chini yake viingie vidole viwili tu. Ikiwa ni mpya, ifunge kwenye vikulabu vya nje kabisa, kwani mpira utalegea kadiri siku zinavyosonga na hapo utahamia vikulabu vya ndani. Anayenunua ile inayomkaa vyema kwenye vikulabu vya ndani siku ya kwanza hana pa kuhamia.

Kipande cha katikati hakina budi kuugusa mfupa wa kidari. Kikielea, vikombe ni vidogo. Waya nao uzunguke titi lote na kuishia kwenye mbavu chini ya kwapa. Ukilala juu ya titi, kikombe ni kidogo hata kama hakuna kinachomwagika juu. Mikunjo kikombeni huashiria kwamba ni kikubwa, ingawa wakati mwingine huashiria tu kwamba umbo la kikombe halifanani na umbo la titi.

Kwa umbo la vazi lenyewe, uzoefu umenifunza kuviamini vikombe vilivyoshonwa kwa vipande vitatu au vinne vya kitambaa kisichonyumbuka sana kuliko vile vya sponji vilivyofinyangwa kwa kipande kimoja. Mishono ndiyo nguzo za kikombe. Havipendezi chini ya fulana ya kubana, nakubali, lakini hubeba. Kamba ziwe pana, na mkanda uwe na vikulabu vitatu au zaidi vilivyopangwa wima. Fundi wa cherehani anaweza kuupunguza mkanda uliozidi kwa gharama ndogo ikiwa vikombe vinafaa. Hawezi, hata awe stadi namna gani, kukiongeza kikombe.

Uwanjani

Huko Portsmouth, Uingereza, chuo kikuu cha mji huo kina kundi la watafiti ambalo limechunguza mwendo wa titi tangu mwaka wa 2005. Imebainika kwamba mtu anapokimbia titi haliruki juu na chini tu. Huenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma, likichora umbo linalofanana na namba 8. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu wanawake 1,285 waliohusiana na mbio za marathoni za London ulionyesha kwamba asilimia 32 kati yao hupata maumivu ya matiti. Mwingine wa mwaka wa 2016, uliowahoji wasichana 2,089 wa shule wenye umri wa miaka 11 hadi 18, uligundua kwamba asilimia 46 walisema matiti yao yameathiri kwa kiwango fulani ushiriki wao katika michezo. Hizo ni takwimu za Waingereza. Za kwetu naziona kila Jumamosi, nikiwahesabu wasichana waliokaa kandokando ya uwanja wakiwashikia wenzao sweta.

Sidiria za michezo ni za aina mbili kuu. Kuna zinazoyagandamiza matiti yote kifuani kama bendeji, na kuna zenye vikombe viwili vinavyolishika kila titi peke yake. Aina ya kwanza huwafaa wenye matiti madogo. Wenye makubwa wanahitaji ya pili, au ile inayochanganya zote mbili, yenye mkanda mpana na vikulabu. Nimewaona mabinti katika mabweni yetu wakivaa za kugandamiza mbili, moja juu ya nyingine, hadi wanashindwa kuvuta pumzi. Ni ubunifu wa kusikitisha.

Utunzaji, na pale sidiria isipotosha

Mpira wa mkanda huuawa na joto. Osha kwa mkono na maji baridi, usikamue kwa kusokota, na uanike kivulini. Usiivae moja siku mbili mfululizo, kwani mpira huhitaji kupumzika ili urudi. Tatu zinazozunguka hudumu kuliko tatu zinazovaliwa moja baada ya nyingine hadi zife. Jasho la chini ya matiti lifutwe likauke kabla ya kuvaa. Mchubuko unaonuka au kutoa maji ni wa kupelekwa zahanati, si wa kupakwa poda.

Uvumi kwamba waya wa sidiria huleta saratani ya matiti ungali unasambazwa, mara nyingi kwa simu na watu wenye nia njema. Mwaka wa 2014 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson kilichoko Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wanawake wa umri wa miaka 55 hadi 74, na hawakuona uhusiano wowote kati ya saratani hiyo na uvaaji wa sidiria, iwe na waya au isiwe nao. Uvimbe wowote titini, hata hivyo, ni wa kuonyeshwa daktari bila kuchelewa, na mtu asiusingizie waya.

Wapo pia ambao sidiria sahihi haitawaponya. Ikiwa kipimo kimefuatwa, vazi limekaa, na bado mgongo na shingo vinauma mwezi baada ya mwezi, ni heri kumwona daktari. Matiti yanaweza kupunguzwa kwa upasuaji, na si urembo mtupu, ingawa ni hatua nzito inayoweza kuathiri unyonyeshaji wa baadaye.

Mwenzangu hakuhitaji daktari. Mifereji ya mabegani ilichukua miezi kadhaa kufifia. Muhula uliofuata aliacha faili chumbani, akaenda uwanjani akiwa na sidiria ya michezo yenye vikulabu vinne, na kocha akampa nafasi ya mlinzi wa goli.